Mbu wa Mbao Mezani Petu

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba mzee wa miaka 63, mwalimu mstaafu wa useremala, ametumia miezi 14 akichonga ndege ya kuchezea, huenda ukasema uzee umemrudisha utotoni. Nakuomba usiharakishe kutoa hukumu. Ndege yenyewe si ya kuchezea, na maneno iliyoyazusha nyumbani mwangu hapa Mwanza hayakuwa ya mchezo.

Ni mfano wa ndege ya kudondosha mabomu iliyotumika katika Vita Kuu ya Pili. Waingereza waliipa jina la Mosquito, yaani Mbu, na mjukuu wangu, ambaye kwa kukaa karibu na ziwa anawajua mbu vizuri kupita kiasi, hawezi kulitamka jina hilo bila kucheka. Nimeijenga kwa kipimo cha 1 kwa 16. Ndege halisi ilikuwa na meta 16.5 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili; yangu ina sentimeta 103, na urefu wake toka puani hadi mkiani ni kama sentimeta 78. Haipiti katika mlango wa chumba cha kulala isipokuwa kwa kulazwa ubavu, na hilo nalo lilitajwa katika mashitaka.

Utaniuliza, kwa nini ndege hiyo? Jibu langu ni la fundi. Mosquito ilikuwa ndege ya mbao. Wakati mataifa yalipokuwa yakigombea alumini, kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilikata shauri kuunda ndege ya vita kwa vifaa ambavyo mtengeneza makabati angevitambua. Wakubwa wengi wa serikali hawakuiamini, hasa walipoambiwa kwamba ndege hiyo ya mabomu haitakuwa na bunduki hata moja na itajiokoa kwa mbio zake tu. Iliruka mara ya kwanza huko Hatfield tarehe 25 Novemba, 1940, na mbio hizo zikaonekana. Hatimaye zilitengenezwa 7,781, na nyingi zilipitia mikononi mwa maseremala waliokuwa wakitengeneza viti, meza na vinanda kabla ya vita.

Na jinsi walivyozitengeneza, kwa hakika, ndiko kulikonitoa usingizini. Kiwiliwili cha ndege hakikujengwa kama jahazi, mbavu kwanza na mbao baadaye. Walichonga kalibu mbili kubwa, moja ya upande wa kulia na moja ya upande wa kushoto, nyingine kwa mkangazi, nyingine kwa zege. Juu ya kalibu walilaza ganda jembamba la mti wa birchi, kisha tabaka la balsa, ule mti mwepesi wa Amerika ya Kusini, kisha ganda jingine la birchi, vyote kwa gundi, na wakavikaza kwa mikanda ya chuma mpaka gundi ikashika. Nusu mbili za kiwiliwili zilisimama wazi kama nusu mbili za ganda la korosho, mafundi wakafunga nyaya na mabomba kwa raha zao, ndipo wakaziunganisha. Bawa nalo lilikuwa kipande kimoja toka ncha hadi ncha, na kiwiliwili kikateremshwa juu yake. Nilifundisha useremala miaka 34, nami nakwambia sijaona kazi ya mbao iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo.

Basi nami nikafuata njia ile ile. Kalibu zangu nilizichonga kwa mkangazi. Maganda ya nje na ya ndani nimeyaranda kutoka msonobari mpaka yakawa membamba kama kadi ya arusi. Mahali pa balsa nilitia ule mti mwepesi unaoota ukingoni mwa ziwa, ambao wavuvi huutumia kwa maboya. Mvuvi jirani yangu alinipa boya kuukuu bure, akaondoka akitikisa kichwa. Usidhani kukunja ganda la msonobari juu ya kalibu ni kazi ya siku moja. Unalilowesha, unalibembeleza, unalifunga kwa mipira ya baiskeli iliyochanwa, unaliacha siku tatu. Ukilifungua mapema linanyanyuka kama nyoka aliyekanyagwa.

Nilikuwa mwangalifu sana na gundi. Ndege za kwanza ziliunganishwa kwa gundi itokanayo na maziwa, na gundi hiyo haikupenda joto wala unyevu. Baadaye ikabadilishwa kwa gundi ya viwandani. Hata hivyo mwaka 1944, ndege kadhaa za aina hii zilizokuwa India na Burma zilianza kuachana viungo, mpaka zikazuiwa kuruka. Hewa yetu ya ziwani ni dada wa hewa ile. Kila kiungo nimekipaka mara mbili na kukichunguza kwa taa.

Wapenzi wa kazi hizi watataka kujua habari za vikorombwezo. Kwa kuwa ndege ilikuwa ya mbao na juu yake imevishwa kitambaa na kupakwa rangi, haina safu za ribiti za kuumiza macho; urembo wake wote uko katika ulaini, na ulaini ni msasa na subira. Pua yake ya kioo, ambamo mwongoza njia alijinyoosha kifudifudi ili kulenga shabaha, nimeifinyanga kwa chupa ya maji niliyoilainisha juu ya jiko la mkaa. Magurudumu ni ya kandambili. Na hapa nilipata furaha ya pekee, maana miguu ya Mosquito halisi haikuwa na mafuta ya kupunguza kishindo kama ndege nyingine. Ndani yake mlipangwa vipande vya mpira vilivyobonyea ndege ilipotua. Hivyo kandambili ile ile imefanya kazi mbili, na ukikibonyeza kindege changu begani kinashuka kidogo na kuinuka kama mtu anayevuta pumzi.

Yote hayo mwenzangu aliyavumilia. Alileta chai, aliondoa vumbi la msasa juu ya kabati, hata aliniazima sindano yake nyembamba ili nichore mishale ya saa za rubani. Siku aliyobadilika ni siku nilipotengeneza mabomu.

Yalikuwa manne, kila moja kama urefu wa kidole, mfano wa yale ya ratili 500 ambayo ndege hii iliyabeba tumboni. Niliyakereza kwa mninga, nikayapaka rangi ya kijani, nikayapanga juu ya meza ya kulia chakula yakauke. Mama Koku aliingia na sufuria ya ndizi, akayatazama, akarudi nalo jikoni. Jioni ile tulilia chakula uani.

“Baba Koku,” akaniambia mtoto alipokwisha lala, “ndege yako ni nzuri, mikono yako Mungu aibariki. Lakini vile vitu sitaki vilale ndani ya nyumba yangu.”

Nikajaribu kumweleza. Nikasema ndege hizi zilipigana na Hitler, mtu aliyewagawanya wanadamu kwa damu na kuwateketeza. Nikamsimulia habari ya tarehe 30 Januari, 1943, sherehe ya miaka 10 ya utawala wa Hitler, ambapo Mosquito tatu zilifika juu ya mji wa Berlin mchana kweupe, saa ile ile Göring alipokuwa tayari kuhutubia taifa kwa redio, na hotuba ikabidi ingoje. Na alasiri tatu nyingine zikaja kumharibia Goebbels hotuba yake, moja kati yake isirudi. Nilisimulia vizuri, nadhani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha naye akasimulia lake, ambalo katika miaka 33 ya ndoa yetu sikupata kulisikia.

Mwaka 1978, mwezi wa Oktoba, ndege za Idi Amin zilipokuja kupiga Bukoba, yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mama yake alikuwa sokoni. Nyumbani alikuwamo yeye, mdogo wake wa kunyonya, na nyanya yake aliyekuwa haoni vizuri. Uliposikika ule mngurumo, alimbeba mtoto mgongoni akakimbilia migombani, akalala juu ya majani makavu huku akimziba mtoto kinywa asilie, kwa kuwa aliamini rubani angesikia. Nyanya alibaki mlangoni akiita jina lake. Yeye alisikia anaitwa, wala hakuitika.

Hakuna aliyeumia nyumbani kwao siku ile. Mama alirudi, ndizi zikapikwa. Lakini nyanya yake alifariki mwaka uliofuata, kwa maradhi ya uzee tu, na msichana yule hakupata kumwambia kwa nini hakuitika.

“Huyo mtoto wa Berlin,” akasema, “naye alikuwa na nyanya.”

Sikuwa na la kujibu. Mimi mwenyewe nilikuwa kijana wa shule hapa Mwanza mwezi Machi 1979, ndege ya Libya ilipotumwa kuja kutupiga ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Sisi vijana tulilifanya jambo la kuchekesha, tukaimba na kuwadhihaki marubani. Mama Koku hakucheka alipoletewa kisa hicho tulipooana; nami nilidhani hakukielewa. Tena ni vyema niseme kweli yote juu ya ndege ninayoisifu: mapema mwaka 1945 Mosquito zilikwenda Berlin usiku 36 mfululizo. Hesabu hiyo niliijua tangu zamani kama sifa ya injini. Usiku ule niliihesabu upya kwa kina mama wanaoamsha watoto na kuwashusha mashimoni, usiku mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka 36.

Bado sisemi kwamba Hitler angeondoka kwa kubembelezwa. Wala Mama Koku hasemi hivyo; kaka yake alikwenda vitani Uganda na JWTZ, naye anajivunia. Tulichokuwa nacho kati yetu, msomaji, hakikuwa ubishi wa nani ana haki. Kilikuwa swali la kitu gani kikae mezani.

Kindege kikakaa kwenye banda langu wiki sita bila kuguswa. Kilichokirudisha ni mtu.

Wakili mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuja kunitazama na alipokiona akaniuliza kama namfahamu Jaji Cross. Ukifungua vitabu vya hukumu za Mahakama Kuu vya miaka ya mwisho ya 1960 utamkuta humo, katika kesi za mashamba, za wizi na za urithi. Ulric Cross alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1917. Mwaka 1941 alikwenda Uingereza kujiunga na jeshi la anga, akawa mwongoza njia wa Mosquito katika kikosi cha 139, kilichoitwa cha Jamaica kwa sababu watu wa kisiwa kile walichanga fedha za kukinunulia ndege. Zamu ya kawaida ilikuwa safari 30. Yeye aliruka 80, akapewa nishani mbili kubwa. Baada ya vita alisomea sheria, akafanya kazi Ghana na Kameruni, na kuanzia 1967 hadi 1971 akawa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 96.

Fikiri, msomaji. Mtu mweusi wa visiwani, katika kile kiti cha kulia kilichorudi nyuma kidogo ya rubani, ramani magotini, usiku, juu ya nchi ambayo watawala wake walimhesabu si mtu. Na baada ya hapo, mtu huyo huyo yuko Dar es Salaam akisikiliza wakulima wawili wanaogombania mpaka wa shamba.

Nilimweleza Mama Koku. Hakusema neno, lakini kesho yake alikuja bandani na kiti chake, akakaa. Wale watu wawili wadogo wa mbao niliokuwa nimewachonga walikuwa bado hawana rangi. Katika picha zote za vitabu wanaonyeshwa weupe wote wawili. Akaniuliza mwongoza njia ni yupi. Nikamwonyesha. Akachukua brashi, akachanganya rangi ya kahawia na nyekundu kidogo juu ya kigae, akampaka uso mwenyewe, polepole, akiwa amekunja midomo kama anapotunga shanga. Mikono pia aliipaka, ile inayoshika ramani.

Mabomu manne ameyatia katika kopo lake la nyuzi, juu ya cherehani, na hayatoki humo. Milango ya tumbo la ndege ametaka iachwe wazi. Mjukuu wetu alipouliza ndani mlikuwa na nini, nilimwambia amwulize bibi yake. Wakakaa uani mpaka giza likaingia, na mara mbili nilisikia likitajwa jina la nyanya yule wa Bukoba.

Sasa ndege iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Rangi yake ni kijani cha giza na kijivu juu, nyeusi chini kwa ajili ya usiku, na ubavuni nimeandika XD, alama ya kikosi cha 139. Herufi ya tatu, ile ya ndege yenyewe, nimemwachia mjukuu aichague, naye bado anaisitasita. Pangaboi la kushoto linazunguka kwa pumzi ya mdomo. La kulia lina ukaidi kidogo. Nitalitolea tupa Jumamosi.