Nilivyokubali mtutu wa baba mkwe uchongwe

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bunduki ikishakuwa urithi haiguswi. Unaifuta, unaipaka mafuta, unaifungia kabatini, basi. Leo nasema kinyume, na nataka kueleza kilichonigeuza, maana hapa Minnesota nawajua wawindaji, wenyeji na sisi tuliotoka Afrika Mashariki, wanaofungia mitutu mizuri kwa woga ule ule niliokuwa nao.

Yangu ni bunduki ya marisau, Remington 870 ya miaka ya 1960, geji 12. Baba mkwe aliiwindia bata maisha yake yote kabla hajanikabidhi. Choki yake ilikuwa Full, na ilichongwa humo humo kwenye mtutu, haikuweza kutoka. Choki ni ule mbano wa mdomoni unaoamua kama marisau yatasambaa upesi au yataenda yameshikamana. Tundu la geji 12 lina upana wa karibu milimita 18.5. Full hulibana kwa takriban milimita 0.9, Modified nusu milimita, Improved Cylinder robo. Kwa macho ni vigumu kuona tofauti, lakini ndiyo inayoamua bata aanguke papo hapo au aende na jeraha akafie kwenye matete.

Mzee alizoea marisau ya madini ya risasi. Tangu 1991 hayo ni marufuku kwa bata na bukini Marekani nzima, kwa sababu ndege walikuwa wakiyameza matopeni na kufa kwa sumu, na tai waliokula mizoga yao wakafa pia. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila marisau ya chuma ni magumu, hayabonyei yanapopita kwenye mbano. Mtutu wa zamani wenye Full unaweza kuvimba mdomoni, na hata usipovimba, marisau hutoka yamebanana mno kwa bata wa karibu. Ndiyo maana bunduki ya mzee ilikaa kabatini.

Ningeweza kununua mtutu mwingine. Remington walianza kutengeneza mitutu yenye choki za kubadilisha mwaka 1986, na mtutu wa 870 unavuliwa kwa mkono. Si njia mbaya, na kwa wengi ni rahisi zaidi. Mimi nilitaka ule ule aliolengea mzee.

Fundi bunduki niliyempelekea hakuahidi kitu. Alisema kwanza tupime. Akausafisha mtutu, akapima unene wa ukuta kuzunguka mdomo wote, akiugeuza kidogo kidogo. Alikuwa akitafuta kama tundu limekaa katikati, kwani katika mitutu mingi ya zamani limeenda upande. Ukikata nyuzi za kufungia choki, upande mmoja unabaki mwembamba kama ganda la yai. Wetu ulikuwa sawa pande zote, na ukuta ulitosha kwa choki nyembamba zinazotengenezwa kwa kazi hiyo.

Nilisimama pale akipanua mdomo. Kifaa chake kina kiongozi mbele kinacholingana na tundu, ili kisiyumbe. Alikizungusha kwa mkono, anatia mafuta, anakitoa, anafuta chengachenga za chuma, anarudia. Halafu akakata nyuzi. Mwisho akaingiza choki na kumulika kwa ndani: ukingo wake wa nyuma lazima uwe mpana kuliko tundu, japo kwa unywele, marisau yasije yakaugonga na kuing'oa.

Lakini kilichonigeuza hasa ni karatasi. Tuliweka karatasi kubwa yadi 40, kama mita 36.5, nikapiga kwa marisau ya chuma na choki ya Modified, kisha tukachora duara la inchi 30 pale matundu yalipokuwa mengi zaidi. Yalienea vizuri, bila mwanya ambao bata angepenya. Bunduki ile ile, kitako kile kile kilichochakaa kwa shavu la mzee, sasa inafaa kwa sheria ya leo. Na Full yake haikupotea. Majira ya kuchipua, nikienda kuwinda batamzinga, naifunga tena, safari hii ikiwa choki ya kuingiza. Sharti ni moja: sipigi kamwe mdomo ukiwa mtupu, kwani nyuzi zitaharibika.

Shemeji yangu alipoona hayo, alipeleka bunduki ya babu yake, ya mitutu miwili ya damaski, ile iliyosukwa kwa vipande vya chuma na feleji. Fundi aliipima, akaifuta, akamrudishia bila kuikata. Alimwambia hiyo aitundike ukutani. Nilimheshimu zaidi kwa kukataa kwake kuliko kwa kazi aliyonifanyia.