Viti Vinavyolia

Sikuichagua kazi hii, ilinikuta barazani. Mwaka niliooa, mke wangu aliingia nyumba yetu ya Bagamoyo na viti vinne vya mvule alivyorithi kwa bibi yake, vimelegea viungo hata mgeni akiketi hana budi kushika meza, na kwa kuwa fedha ya kumlipa seremala haikuwapo, nilitandika jamvi, nikaazima patasi na randa kwa ami yangu aliyekuwa akiunda mashua ufukweni, nikaanza kuvikabili kimoja kimoja kwa haya, kama mtu afunguaye barua isiyokuwa yake.

Ami alipita akanikuta nimeshika nyundo na misumari.

"Weka chini hiyo," akasema. "Mtu akiteguka mguu, wampigilia msumari?"

Tangu siku ile mwendo wangu ni mmoja. Kiti huvuliwa chote. Gundi kuukuu hulainishwa kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha hukwanguliwa hata mti wenyewe uonekane, kwani gundi mpya haishiki juu ya gundi mfu. Ulimi uliosinyaa huvikwa kipande chembamba cha ubao, upate kujaa tena katika tundu lake. Na mwisho miguu yote minne huzungushiwa kamba ya usumba, ikasokotwa kwa kijiti hata ikalia kama uzi wa udi, nacho kiti kikaachwa hivyo usiku kucha juu ya sakafu iliyo sawa.

Lililonitia aibu ni vanishi. Masika moja, kwa pupa ya ujira, nilipaka viti sita hali mti ungali na unyevu, nikavipeleka kwa mwenyewe siku ya maulidi, na mzee mmoja mstahiki, aliposimama kwa kiyamu, alisimama na kiti chake. Kanzu ilisalimika, mimi, kwa muda wa miezi mitatu, sikupita mtaa ule.

Nami nilikuwa na sababu ya kuijua vanishi zaidi ya wengine, maana asili yake bora ilitoka huku kwetu. Kabla Wadachi hawajaufanya mji huu makao ya serikali yao, ambayo waliihamishia Dar es Salaam mwaka 1891, Wazaramo walichimba mchangani sandarusi, ulimbo wa miti iliyokufa zama za kale, wakauleta pwani. Wamarekani wa Salem, ambao Sayyid Said alifunga nao mkataba mwaka 1833, waliununua kwa ile nguo tuiitayo merikani hata leo. Ukaoshwa ukoko wake, ukatoka na vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, kisha ukayeyushwa pamoja na mafuta ya kitani, watu wa mbali wakaupaka meza zao na magari yao ya farasi. Basi kila nikikwangua kiti kikuukuu cha Ulaya, na vumbi la rangi ya asali likanijaa kucha, napenda kudhani kwamba nampokea msafiri aliyerudi kwao.

Viti vya siku hizi vishukavyo kwa makontena, vya vumbi la mbao lililogandishwa, sivipokei. Vikinywa maji huumuka kama maandazi, na mwenye navyo huondoka amenuna.

Mwaka jana alinijia bibi mmoja wa mtaani na viti sita vya msaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Viti hivi vinang'ara, lakini vinalia."

Nikavikalia vyote, nikitega sikio kama tabibu. Nilipofika cha sita, kilicholia kuliko wenzake, akanizuia.

"Hicho kiache. Ni cha mgeni asiyejua kuaga."

Nikamtoza vitano. Nilipovirudisha alinikaribisha chai, na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa matamu na alasiri ilikuwa ingali mbali, nilikawia kidogo kabla ya kutambua nimekalishwa juu ya kipi.