Ajabu ya Kazi

Wachoraji wengi wa zamani walitafuta uzuri milimani na mabondeni. Joseph Pennell, Mmarekani wa Philadelphia, yeye aliutafuta kwenye moshi. Viwanda vya chuma vya Pittsburgh, dohani za Sheffield, majengo marefu ya New York, vyote alivichora na kuvipiga chapa. Aliviita kwa jina moja: ajabu ya kazi.

Mwaka 1912 akaenda Panama, mfereji ukiwa karibu kwisha. Alichora kwa litografia, na kazi hiyo inategemea jambo ambalo kila mpishi analijua: mafuta na maji hayapatani. Jiwe linachorwa kwa kalamu yenye mafuta, linaloweshwa maji, kisha linapitishiwa wino. Wino unashika palipochorwa tu. Ndiyo maana weusi wa picha zake ni laini kama masizi ya chungu.

Mimi picha hizo nazipenda, sitaki unafiki. Ile ya chini ya lango la maji la Gatun, kwa mfano. Kuta za zege zimepanda juu mno, na winchi nazo juu yake. Halafu hebu sogea karibu. Vile vidoa vyeusi pale chini, kama sisimizi, kumbe ni watu! Uso hauonekani hata mmoja.

Ni akina nani? Wengi walitoka Barbados, Jamaika na visiwa jirani, weusi wenzetu. Walilipwa kwa sarafu za fedha, Wamarekani weupe kwa dhahabu; hata posta kila kundi lilikuwa na dirisha lake. Kumbukumbu za Wamarekani zinataja vifo 5,609 kati ya 1904 na 1914, na wengi wa waliokufa ndio hao hao wa visiwani.

Kuna atakayesema, mtu akiwa mbali ni kidoa tu. Sawa, lakini nani alichagua mahali pa kusimama? Zaidi ya miaka kumi kabla yake, Käthe Kollwitz wa Ujerumani alichora wafumaji walioasi, baadhi kwa litografia hiyo hiyo, na njaa unaiona usoni mwao.

Baba yangu alibeba magunia bandarini miaka mingi. Katika picha za bandari ile, winchi hutokea vizuri sana. Yeye sijamwona.

Basi sisi vijana tunaoshika kalamu tuichore mitambo, haina neno. Ila tusogee mpaka tumwone na anayeifanya kazi.