Barua Kutoka Bonn: Njia ya Kwenda Isle of Man

Ndugu zangu wa nyumbani,

Hapa Bonn mwezi huu wa Januari jua linazama kabla sijatoka zamu ya mchana. Pikipiki yangu, Honda ya injini ya ukubwa wa kati, imelala kwenye gereji ya jirani chini ya turubai. Namba yake ya usajili ni ya msimu: inaruhusiwa barabarani kuanzia Machi hadi Oktoba, na kodi na bima nazilipia miezi hiyo tu. Miezi mingine haigusi lami. Ndiyo maana waendesha pikipiki wa Ujerumani hutumia majira ya baridi kwa kazi mbili, kutengeneza na kupanga. Mimi sasa hivi napanga. Mwisho wa Mei, Mungu akipenda, nitaondoka hapa na wenzangu watatu kwenda Isle of Man kutazama mbio za TT.

Wengi mmeniuliza kwenye simu hizo TT ni nini hata mtu avuke bahari mbili kuzifuata. Isle of Man ni kisiwa kilichopo katikati ya Bahari ya Ireland. Ni kidogo kuliko Pemba, na wakazi wake ni kama 84,000. Kiko chini ya Mfalme wa Uingereza lakini si sehemu ya Uingereza. Kina bunge lake, Tynwald, na sheria zake. Sheria hizo ndizo zilizozaa mbio. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uingereza ilikuwa imeweka kikomo cha maili 20 kwa saa na haikukubali barabara za umma zifungwe kwa mashindano. Kisiwa kikapitisha sheria yake mwaka 1904 ya kufunga barabara, kwanza kwa ajili ya magari, na mwaka 1907 pikipiki nazo zikapata mashindano yao, ndizo hizo TT.

Tangu 1911 mbio hufanyika kwenye njia ya mlimani. Mzunguko mmoja una kilomita 60 na ushee na kona zaidi ya 200. Njia inatoka Douglas, mji mkuu, inapita mbele ya nyumba za watu, makanisa, baa na kuta za mawe, inafika Ramsey upande wa kaskazini, kisha inapanda ubavuni mwa mlima Snaefell na kushuka tena Douglas. Waendeshaji hawaondoki kwa pamoja. Huachiwa mmoja mmoja, sekunde 10 baina yao, na kila mmoja anashindana na saa. Mwaka 1907 Charlie Collier alishinda kwa wastani wa maili 38 kwa saa, kwenye njia fupi ya wakati ule. Mwaka 2023 Peter Hickman aliuzunguka mlima kwa wastani wa maili 136.358 kwa saa, yaani karibu kilomita 219, kwenye lami ambayo wanakijiji huitumia kwenda kazini na kupeleka watoto shule. Sijui mchezo mwingine wa magurudumu ulio karibu na maisha ya watu namna hiyo. Wazee wetu waliosimama kando ya barabara za Usambara kuyangoja magari ya Safari Rally watanielewa haraka kuliko vijana waliozoea kutazama mbio kwenye televisheni.

Sasa nije kwenye mipango, maana hapo ndipo penye mambo.

Safari ya namna hii hupangwa kinyumenyume. Unaanza na siku ya mbio, unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwako, na katika kila hatua unatafuta mlango ulio mwembamba kuliko yote. Kwa wenzangu Wajerumani mlango mwembamba ni meli. Makumi ya maelfu ya watu wanataka kuingia kisiwa kile katika wiki zile zile mbili, na meli za kutoka Heysham, kwenye pwani ya Lancashire, hujaa mapema mno. Kampuni inayozimiliki ipo tangu 1830 na imezoea. Nafasi za pikipiki huanza kuuzwa karibu mwaka mzima kabla. Baada ya meli ni kitanda. Hoteli ni chache, basi serikali ya kisiwa inawaruhusu wakazi kupangisha vyumba vyao kipindi cha mbio, na viwanja vya shule na vya mpira hugeuka kambi za mahema. Sisi tumepata chumba kwa mjane mmoja karibu na Peel. Ametuandikia kwamba chai ya asubuhi ni juu yake.

Mlango wangu mimi ni mwembamba zaidi. Viza ya Uingereza ndiyo inayonifikisha kisiwani, na maombi yake hayapokelewi mapema kuliko miezi mitatu kabla ya safari. Liwekeni hilo kando ya tarehe ya meli, mtaona fundo lilipo. Nafasi ya meli nimeilipia mwaka jana. Kitanda nimeweka amana. Ruhusa ya kuvuka nitaanza kuiomba mwisho wa Februari. Wenzangu nao tangu Aprili 2025 wanatakiwa kuwa na kibali cha kielektroniki, lakini hicho huombwa kwa simu ya mkononi mtu akiwa sebuleni kwake. Mimi napeleka taarifa za benki, mkataba wa kazi, barua ya hospitali ninayofanyia kazi inayothibitisha likizo, kadi ya ukaazi wa Ujerumani, maelezo ya nitalala wapi na nitarudi kwa meli ipi, kisha naenda kituoni kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Nawaeleza haya kwa sababu nimeona vijana wetu wengi ughaibuni wakikata tamaa hapo hapo. Wanasema mambo haya ni ya wenye pasipoti nyekundu, wanabaki nyumbani. Sikubaliani nao. Pasipoti yetu inaongeza kazi, na kazi hiyo inafanyika kama kazi nyingine yoyote. Mimi sinunui kitu chochote cha safari hii kabla sijasoma masharti ya kurudishiwa fedha au kubadilisha tarehe. Nimemweleza mwenye nyumba wa Peel hali yangu tangu mwanzo, kwa maneno yaliyo wazi, naye amekubali kuishika amana mpaka Aprili bila kuila. Likizo niliiomba kabla ratiba ya wodi haijafungwa, kwa sababu huku likizo za mwaka mzima hupangwa mwaka haujaanza. Nimebadilishana zamu za Krismasi na mwenzangu wa Ufilipino ili niipate ile wiki. Karatasi zote nimezitia kwenye faili moja la plastiki. Na kampuni ya bima nimeitaka ithibitishe kwa maandishi kwamba bima yangu inafika Isle of Man, maana bima inayosema "Uingereza" inaweza isikitaje kisiwa.

Barabara yenyewe hainipi shida. Kutoka Bonn tunavuka mpaka wa Uholanzi hadi bandari ya Europoort, nje ya Rotterdam, karibu kilomita 300. Jioni tunapanda meli ya kwenda Hull. Kila mmoja anaifunga pikipiki yake kwa mikanda kwenye sakafu ya chuma, ndipo anakwenda kulala. Asubuhi tuko Uingereza. Zinabaki kilomita zaidi ya 200 kukatiza nchi kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Barabara kuu ingetuwahisha, lakini tumechagua kupita Skipton na Kirkby Lonsdale, ambako kuna daraja la kale la mawe juu ya mto Lune, mahali waendesha pikipiki wa kaskazini hukutana kila Jumapili. Kutoka hapo tunaufuata mto mpaka Lancaster, kisha Heysham. Usiku tunavuka Bahari ya Ireland, safari ya muda wa karibu saa nne.

Kuna jambo moja linalonifurahisha katika hesabu hii. Wenzangu wanaogopa kuendesha kushoto. Wamebandika mishale kwenye matangi yao, na mmoja anafanya mazoezi kichwani kila akifika kwenye mzunguko. Kisiwani nako kuna mabango ya kuwakumbusha wageni kutoka bara la Ulaya kushika kushoto, kwa sababu watu wamekufa kwa kusahau. Kushoto ndiko nilikojifunzia barabara, toka utotoni Moshi. Tukitoka tu kwenye meli Hull, mimi ndiye nitakayeongoza msafara. Tumeshakubaliana.

Mama anauliza kwa nini niende kutazama watu wanaojiua. Nampa jibu lililo sawa na swali lake, maana swali ni la haki. Tangu 1911 zaidi ya waendeshaji 250 wamekufa kwenye njia ile ya mlimani, katika mbio na katika mazoezi. Fikirini nyumba ya Dunlop ya Ballymoney, Ireland ya Kaskazini. Joey Dunlop alishinda TT mara 26, akatumia gari lake mwenyewe kuwapelekea misaada watoto yatima wa Romania na Bosnia, akafa mbioni Tallinn mwaka 2000. Mdogo wake Robert akafa mwaka 2008 katika mazoezi ya mbio za nyumbani kwao. Siku mbili baadaye mwanawe Michael akapanda pikipiki na kushinda mbio zile zile. Kaka yake Michael, William, naye akafa mwaka 2018. Mwaka 2024 Michael aliivuka rekodi ya baba yake mkubwa Joey. Mtu anayesema anaielewa familia ile kwa sentensi moja hajaifikiria.

Au mfikirini Gary Hocking, aliyekulia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Alishinda mbio kubwa ya TT mwaka 1962 siku chache baada ya rafiki yake Tom Phillis kufa kwenye njia hiyo hiyo. Akaacha pikipiki kabisa. Desemba ya mwaka ule akafa Durban akifanya mazoezi ya gari la mbio. Na mwaka huo huo wa 1962 Beryl Swain akawa mwanamke wa kwanza kushindana TT peke yake juu ya pikipiki, ya sentimita za ujazo 50. Wakuu wa mchezo wakamfutia leseni ya kimataifa. Ilichukua miaka mingi wanawake kurudi. Mwaka 2010 Jenny Tinmouth aliuzunguka mlima kwa wastani wa karibu maili 120 kwa saa. Kwa jina la Beryl Swain peke yake ningekwenda.

Kabla ya Ujerumani nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa Dar es Salaam. Nimefunga miguu ya vijana wa bodaboda na ya abiria wao usiku kucha. Najua pikipiki inaweza kumfanya nini mwanadamu. Tofauti ninayoiona ni hii: anayepanda Snaefell amechagua, amevaa ngozi kutoka shingoni hadi kisiginoni, na helikopta ya daktari inamsubiri. Mama anayebebwa na bodaboda Mbagala na mtoto mgongoni hakupewa uchaguzi huo. Kwa hiyo nikisikia huko nyumbani watu wakisema helmeti ni joto, moyo unaniuma. Huku sikupewa leseni mpaka nilipofanya upya mtihani wa nadharia na wa barabarani, kwa Kijerumani, kwa sababu mtihani wa nadharia unatolewa kwa lugha nyingine 12 na Kiswahili hakimo. Ulikuwa mgumu, na ninashukuru ulikuwa mgumu.

Kilichobaki ni vitu vidogo. Tutakaa wiki nzima ya mbio, kwa sababu hali ya hewa ndiyo bosi wa kisiwa. Mwaka 2025 mbio kubwa ya mwisho, Senior, ilifutwa kwa ajili yake. Siku ya kwanza tutasimama Ballaugh Bridge, ambako pikipiki huruka juu ya daraja na kuacha ardhi. Barabara ikishafungwa huvuki tena mpaka ifunguliwe, kwa hiyo unafika mapema na chakula chako, maji na koti la mvua. Mwezi Machi pikipiki itapata cheni mpya na tairi mpya la nyuma, nizitembeze kidogo bonde la Ahr kabla ya kuzipa mzigo.

Na ninyi mlioniandikia kwamba mnataka kujiunga mwaka kesho, hasa wewe kijana wa Moshi mwenye Boxer: anza na pasipoti, halafu leseni, halafu nitafute kabla tiketi za meli hazijaanza kuuzwa. Helmeti nzuri inunue leo.