Boti yako ya kwanza usiitoboe

Ukimwambia kijana yeyote wa huku Kericho ama Bomet aunde boti ya rimoti, kitu cha kwanza atatafuta ni propela ya kuzama majini. Anataka shimo nyuma ya boti, chuma kipite hapo, mota ikae ndani, usukani uning'inie nje, kwa sababu hivyo ndivyo boti zinakaa kwenye video tunazotazama. Mimi nina maoni tofauti na sitazunguka mbuyu: boti yako ya kwanza usiitoboe. Weka feni juu yake, ipulize hewa kurudi nyuma, na maji yabaki chini mahali pake.

Niko na boti tatu sasa. Mbili ni za feni, moja ni ya propela. Watu hunitafuta juu ya ile ya propela kwa sababu ndiyo inakaa boti ya ukweli, na kila mara nawarudisha kwa feni.

Shida ya kwanza ni shimo lenyewe. Ukitoboa boti chini ya usawa wa maji, umejipa kazi ya kuzuia maji siku zote za maisha yake. Unahitaji bomba jembamba, chuma kilichonyooka kabisa cha kupita ndani ya hilo bomba, grisi ya kujaza katikati, na kiungo cha kushika mota. Mota na hicho chuma zisipokaa kwa mstari mmoja, kila kitu kinatetemeka na betri inaisha kabla hujafurahia. Sasa enda hadwea za mjini Kericho uulize hivyo vitu uone vile utaangaliwa. Utaambiwa uagize Nairobi, Luthuli, utumiwe na matatu. Utangoja. Hapo katikati ya kungoja ndipo boti nyingi hufa. Najua vijana kadhaa wenye nusu boti chini ya kitanda, na hakuna hata mmoja alishindwa na akili. Walishindwa na bomba la sentimita 15.

Shida ya pili ni maji yetu. Mabwawa ya huku yana magugu, mengine yamefunikwa na yale maua ya maji. Propela ikizama humo inajifunga majani kama uzi kwenye kibiringo, na boti inasimama katikati ya bwawa ikikuangalia. Feni iko juu, haina habari na magugu. Si mimi niligundua hii kitu. Kule Florida, Marekani, kwenye vinamasi vya Everglades, watu wanapanda boti bapa zenye feni kubwa nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Zinapita juu ya nyasi kama hakuna nyasi.

Haya, vifaa. Mwili wa boti ni ile foamu nyeupe inayokuja ndani ya katoni ya TV. Uliza kwa duka lolote la vitu vya stima, watakupa bure. Tafuta kipande bapa cha urefu wa sentimita 45 hivi, upana 20, unene 5. Kata mbele iwe na ncha kwa kisu kikali, ama bleti. Halafu sikia hapa vizuri: superglue inakula hii foamu. Inaiyeyusha mbele ya macho yako, na petroli na thina zinafanya vivyo hivyo, pamoja na rangi ya mafuta. Tumia araldite kubandika na rangi ya maji kupaka.

Ubongo wa boti utautoa kwa gari la kuchezea. Siku ya soko, kwenye mitumba, huwa kuna magari ya rimoti yaliyovunjika magurudumu, yanauzwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji mwenyewe hajui kama yanawaka. Usichukue lolote tu. Tafuta lile linalogeuka kama kifaru cha jeshi, yaani upande mmoja unasimama na mwingine unazunguka. Hilo lina mota mbili, kulia na kushoto, kila moja na amri yake. Ukiliweka kwa boti huhitaji usukani kabisa. Unataka kwenda kulia? Simamisha feni ya kulia, ya kushoto isukume. Kwisha.

Feni zenyewe ni panga ndogo za plastiki za vidude vya kuchezea, zile za kushikilia mkononi zinazopuliza upepo. Pandisha kila mota juu ya kijiti cha mbao ili panga isiguse foamu, na uziweke mbalimbali huku nyuma, moja kila upande. Kadiri zinavyoachana ndivyo boti inavyogeuka haraka. Ukiwasha ukaona feni inapuliza mbele badala ya nyuma, badilisha nyaya mbili za hiyo mota, itazunguka upande mwingine.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho wengi hawawekewi na mtu, kapasita. Mota hizi za bei ya chini zikizunguka zinatoa kelele ya umeme, na ile kelele inachanganya kipokezi cha redio, boti inaanza kufanya mambo yake. Enda kwa fundi wa redio, mwambie akuchomelee kapasita iliyoandikwa 104 kati ya ncha mbili za kila mota. Atakuwa nazo kwenye kopo, ametoa kwa redio za marehemu. Mpe pesa ya chai.

Betri wacha ziwe zile za kawaida za tochi, nne, ambazo gari lilitumia. Zinatoa volti 6 na hiyo bodi ilitengenezewa hivyo. Kuna ujuaji wa kuvunja betri za laptopu kuukuu na kutoa zile seli ndani. Zina nguvu, sikatai, lakini zikigusana vibaya zinawaka moto, na hutaki kujifunza hiyo kitu ndani ya nyumba ya mbao.

Sasa uzito, ambapo watu hubahatisha na hakuna haja. Lita moja ya maji ya bwawa ni kilo moja. Kipande chako cha 45 kwa 20 kina eneo la sentimita za mraba 900. Kwa hivyo kila sentimita moja kinachozama kinabeba gramu 900. Pima kila kitu kwa mizani ya duka, betri, mota, bodi, foamu yenyewe. Ikija gramu 450, boti itazama nusu sentimita na itabakiwa na sentimita nne na nusu juu. Ile ncha uliyokata mbele itakupunguzia kidogo, haidhuru. Utajua kama itaelea kabla hujaona maji. Hesabu hii nilifunzwa shule ya msingi na nikaipita mtihani bila kujua ni ya nini.

Vivyo hivyo na maneno. Sisi watoto wa milimani tulikariri ile methali ya enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, tukaipachika kwenye kila insha tupate alama, na hakuna aliyewahi kuona tezi wala omo. Omo ni mbele ya chombo. Tezi ni nyuma. Ngama ni kule chini ndani, mahali maji yanayovuja hukusanyika. Mkuku ni ule ubao wa chini kabisa unaoshika chombo kisiteleze pembeni, na farumi ni uzito wa kukituliza. Watu wa Pwani walishatatua haya yote zamani na wakayapa majina. Boti yako ya feni bila mkuku itateleza kama kikombe kwenye sinia lenye maji, utaielekeza kule na yenyewe inaenda huku. Kata vipande viwili vya plastiki kwa kifuniko cha ndoo, vichomeke chini kwa urefu, tofauti utaiona papo hapo. Farumi yako ni zile betri. Zikae chini kabisa, katikati.

Usikimbilie bwawa kubwa. Mwaka 2009 serikali ilianza mradi wa kuchimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi, ya mita za mraba 300 hivi, na mengi siku hizi ni ya vyura. Kama jirani ana moja, hapo ndipo shule yako. Omba ruhusa tu. Mabwawa ya mashamba makubwa ya chai yana wenyewe na yana askari, na hata Chagaik, pale watu huenda kupiga picha, si mahali pa kuingia na kujiamulia. Mto nao wacha kabisa. Nyangores haitakurudishia kitu.

Kabla ya maji, pima redio kwa nchi kavu. Mpe rafiki boti aishike, wewe rudi nyuma na rimoti hatua kwa hatua ukiwasha feni, mpaka ziache kusikia. Hesabu hizo hatua. Rimoti za kuchezea hazifiki mbali, kwa hivyo huo ndio mpaka wako, usiuvuke. Ukifika bwawani, simama upande ambao upepo unakupiga usoni. Boti ikizimika, upepo utakuletea. Na enda asubuhi, kwa sababu mchana wa huku unaujua, wingu, mvua, na siku mbaya mvua ya mawe. Boti ikikwama katikati, iache. Mabwawa haya yana matope yanayoshika mguu, na hakuna foamu ya bure inayofaa kufiwa.

Siku moja nikiwa kwa bwawa la jirani alipita mama mmoja akitoka kuchuma, kikapu bado mgongoni. Tukasalimiana chamgei, akasimama kuangalia boti ikizunguka. Akaniuliza, "Kijana, na hii itachuma nini?"

Hakuwa anatania. Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto huku kwetu Kericho wakati wa maandamano. Mtu akiona chuma kinachofanya kazi bila mikono mingi, kichwani anahesabu nani atarudishwa nyumbani. Na hesabu yake ni nzuri kuliko yangu, kwa sababu yeye ndiye analipwa kwa kilo. Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia, "Mama, hii haichumi kitu," nikaileta ukingoni, nikafungua kifuniko, nikamwonyesha mota, nyaya, bodi. Akaangalia betri pale chini, akasema, "Umeweka mzigo chini kama kikapu kikipakiwa vizuri." Akanieleza vile kikapu kikijaa upande mmoja kinakuvuta mteremkoni hadi goti linauma. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu farumi na hakuna iliyonieleza vizuri hivyo.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya kweli, na ndiyo sababu nakuambia uanze na kitu cha foamu cha kuchekesha unachoweza kumaliza wiki hii. Huku kwetu mashine huja imefungwa. Inashuka kwa lori ikiwa nzima, ina mtu wa kuiendesha, ina mtu wa kuitengeneza anayetoka mbali, sisi kazi yetu ni kuipenda ama kuichoma. Sijawahi kuona mtu wa kijiji akiipanua na kuuliza hii waya inaenda wapi. Boti ya feni ya pesa kidogo haitarudisha kazi ya mtu, sitakudanganya. Lakini ukishachomelea kapasita kwa mkono wako hutaogopa kifuniko kingine tena.

Ndio maana lile swali la "itakulipa nini" huwa linanichosha. Niliacha chuo, hiyo si siri, na kuna wazee wanaona nimebadilisha digrii na kidude cha kuchezea. Mkulima wa chai mwenyewe anapanda, anachuma, anapeleka kituoni, halafu anangoja bonasi ambayo hajui itakuwa ngapi. Yeye haulizwi hilo swali kila Jumapili.

Na kama unaona boti ni mchezo wa watoto, cheki hii. Mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, pale Madison Square Garden, chombo kinachoongozwa na mawimbi ya redio bila waya. Hakuchagua gari wala kitu cha kuruka. Ilikuwa boti, na mwaka huo huo akapata hataza yake. Nafikiri namwelewa. Betri za siku hizo zilikuwa nzito na maji hubeba uzito bila kulalamika, na chombo kikikataa kusikia amri, kinabaki tu kikielea, hakimwangukii mtu kichwani. Miaka zaidi ya 120 baadaye, bado hizo ni sababu nzuri kwa mtu anayeanza.

Ile yangu ya tatu, ya propela, niliianza baada ya hizi mbili kuenda bila shida mwezi mzima. Nimeiundia plaiwudi, mota iko ndani, bomba limejaa grisi, na Waswahili huita ile propela rafadha, neno tamu kuliko kitu chenyewe. Inaenda kasi. Magugu yakiwa mengi naiacha nyumbani. Ngamani nimeweka kipande cha sponji, na kila baada ya mizunguko miwili naitoa majini, nafungua, naikamua.