Viti Vinne si Watu Wanne

Kila nikipost video ya ndege ndogo ikipaa pale Wilson, swali ni lile lile: "Buda, ndege gani ndio noma?" Juzi hata mzee mmoja mwenye pesa zake, mkulima wa huko Rift, aliniandikia inboksi akitaka nimtajie moja tu, anunue. Nikamuuliza, "Mzee wangu, unaenda wapi nayo?" Akakaa siku mbili bila kujibu.

Kabla mtu hajaniuliza, sina ndege. Nina simu, maikrofoni ya mtumba na chumba kimoja Lang'ata ambacho kodi yake huniamsha usiku. Chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini miaka mitatu nimekuwa nikiongea na marubani na mafundi, nikisoma vitabu vya ndege usiku, na kitu nimeona ni kwamba Wakenya hununua ndege vile wengine hununua gari la harusi. Wanaangalia rangi, viti vya ngozi na skrini. Hakuna anayeuliza ile kitu huuliza akinunua Probox: itabeba nini, kwa barabara gani, mara ngapi kwa wiki?

Safari unayofanya kila wakati ndiyo inakuchagulia ndege. Kama kati ya safari kumi, nane ni wewe na mtu mmoja kwenda shambani Nanyuki, nunua ndege ya hizo nane. Zile mbili za kupeleka ukoo mzima Diani, kodisha kubwa ama kateni tiketi kama watu wengine. Watu wengi hufanya kinyume, wananunua ya Diani halafu wanachoma mafuta ya viti vitupu mwaka mzima.

Sasa hapa ndio nimekasirika kidogo. Mwezi uliopita broker mmoja alitaka nimfanyie video ya Cessna 172 anayouza. Doo alizotaja zilikuwa za kulipa kodi ya miezi miwili, na alijua nazihitaji. Maneno aliniandikia mwenyewe: ndege ya familia, baba, mama na watoto wawili wakubwa, mizigo yao, wikendi Mara na kurudi.

Tupige hesabu polepole. 172 za kisasa, zile za nguvu za farasi 180, uzani wa juu kabisa unaoruhusiwa kuruka nao ni kilo 1,157. Ndege yenyewe tupu ni kama kilo 760, inategemea imefungwa vitu gani. Inabaki karibu 400. Jaza tangi, lita 200 hivi za mafuta, hiyo ni kilo 144 imeenda. Umebakisha kama 255. Watu wanne wa kilo themanini themanini ni 320. Umepita kwa kilo 65 na hakuna mtu amebeba hata sweta.

"Si upunguze mafuta?" Sawa, weka nusu. Watu wanne wanaingia, na begi moja ndogo. Lakini injini hiyo hunywa kama lita 35 kwa saa. Mara ni karibu saa moja kwenda na saa moja kurudi, na mafuta yake usitegemee kuyapata huko porini. Ukiondoa akiba ambayo lazima ibaki kwa tangi, umebakisha dakika za kuhesabu. Mvua ikikufungia njia juu ya Ngong, utageuka uende wapi?

Nikamwambia broker nitafanya video, lakini hiyo hesabu iwe ndani. Amesoma ujumbe, tiki mbili za bluu, kimya. Najua atapata kijana mwingine. Na ieleweke, 172 si ndege mbaya, zii! Zimetengenezwa zaidi ya 44,000 tangu miaka ya hamsini, hakuna ndege nyingine imefikisha hapo. Vijana kibao hapa hujifunzia hiyo. Kwa watu wawili na mizigo, ama watatu wembamba, ni rafiki mzuri sana. Kitu ni moja tu, mwenye kuiunda aliweka viti vinne, hakusema watu wanne na tangi limejaa na jua la Nairobi.

Hilo la Nairobi wengi hawalifikirii. Wilson iko juu, zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Siku ya nyuzi joto 25, ndege inajiona kama iko futi 8,000 hivi. Injini ya kawaida isiyo na taba hapo inakupa kama robo tatu ya nguvu zake, kwa hivyo zile farasi 180 umelipia ni kama 135. Propela nayo inashika hewa kidogo, mabawa pia. Ndege hiyo hiyo ukiirusha Ukunda asubuhi utadhani imebadilishwa injini. Ndiyo maana takwimu za brosha ya Ulaya zisikudanganye. Kwenye kitabu cha ndege kuna jedwali la urefu wa kupaa kulingana na joto na kimo. Lifungue, tafuta uwanja wako, siku ya joto, saa nane mchana. Halafu ongeza, kwa sababu kitabu kiliandikwa na ndege mpya na rubani fundi, kwa lami.

Lami! Viwanja vingi utakavyoenda na ndege yako ni murram, nyasi na swara. Cirrus SR22 ni ndege tamu, ina nguvu za farasi 310 na parachuti ya kushusha ndege nzima. Video zake zinaingiza watu wengi kuliko zote, sitakataa. Lakini magurudumu yake yamevalishwa vifuniko vya kupunguza upepo na mabawa yako chini karibu na mawe. Kama maisha yako ni Wilson kwenda Malindi, lami kwa lami, chukua. Kama ni ranchi Laikipia, bawa la juu, tairi nene na propela iliyo mbali na changarawe vitakufaa zaidi. Cessna 206 ndiyo Probox yenyewe ya angani: farasi 300, viti sita, mlango mkubwa nyuma unaingiza hata mbuzi. Na kama kazi yako ni kuhesabu ng'ombe ukiwa chini na polepole, Super Cub ya watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. KWS wamezitumia miaka mingi na si kwa sababu ya urembo.

Mafuta ni jambo lingine. Injini nyingi za pistoni hutaka Avgas, na hiyo si kila uwanja unayo. Jet A-1, yale ya ndege kubwa, ni rahisi kuyapata. Kuna ndege ndogo kama Diamond DA40 yenye injini ya dizeli inayokunywa Jet A-1, na injini hiyo ina taba, kwa hivyo kimo hakiichoshi haraka. Bei ya kununua itakuumiza, lakini mtu wa kwenda Lodwar kila wiki aifikirie.

Injini mbili? Watu hudhani ni usalama mara mbili. Ni matengenezo mara mbili kwanza. Na nyingi za hizo ndogo, moja ikizima ukitoka tu Wilson ukiwa umejaza, ile iliyobaki haikupandishi vizuri. Kama rubani hafanyi mazoezi ya hiyo hali kila mara, mimi ningebaki na moja.

Mkulima alijibu hatimaye. Saa 40 kwa mwaka, mara nyingi peke yake. Nikamwambia bado asinunue. Ndege inayolala hutafunwa na kutu ndani ya injini, huku hanga, bima na ukaguzi wa kila mwaka vinalipwa iwe imeruka au la. Atafute wenzake wanne kijijini wafanye chama, ndege moja, kalenda moja, na kila saa ya kuruka waweke pesa kando ya kufungua injini ikifika saa 2,000. Amesema jirani zake hawaaminiani hata kwa trekta. Basi akodishe.