Kisu Nimekipata, Mzuka Umeisha

Kuna watu wa viatu, kuna wa kubadilisha simu kila mwaka, halafu kuna sisi wa visu. Usishtuke, mpenzi msomaji! Sizungumzii visu vya vibaka. Nazungumzia kile kisu kidogo cha kukunja kinacholala mfukoni pamoja na funguo na chenji ya daladala, kikatoka pale tu panapokuwa na kazi: kufungua boksi, kumenya embe ofisini saa saba mchana, au kukata uzi unaoning'inia kwenye shati la mwenzio dakika mbili kabla ya kikao.

Kisu hicho nilikitafuta miaka mitatu. Sio kisu chochote tu. Nilitaka kile cha mwisho, ambacho nikikiweka mfukoni sitatamani kingine. Nikakipata. Basi ungetegemea nikuambie kwamba tangu siku hiyo nina furaha tele. Subiri kwanza.

Kila Jumamosi, Karume

Mwenzangu, wewe ambaye Jumamosi unalala hadi saa nne hujui utamu wake. Mimi saa moja asubuhi nipo Karume, kwenye mitumba. Sitazami jinzi wala mashati. Natafuta wale wanaouza vyombo vilivyotumika vya Ulaya, wanaomwaga kwenye turubai vijiko, uma, vifungulio vya soda na makorokoro ya jikoni. Humo ndimo kisu cha kukunja hujificha, kimepakaa vumbi, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui ana nini.

Nilikuwa na masharti manne. Kwanza, kikikunjwa kisizidi kiganja changu. Pili, kisivute suruali. Tatu, kipate, yaani makali yawe makali kweli. Nne, na hili ndilo gumu, kisitishe watu. Ukifanya kazi ofisini na kina dada wa mapokezi, sharti la nne linaua visu vingi.

Cha kwanza kilikuwa Okapi. Binamu yangu dereva wa malori alikileta kutoka Afrika Kusini. Kisu hiki kina historia yake: kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe kwenye makoloni yao ya Afrika, na enzi hizo Tanganyika yetu ilikuwa mojawapo. Siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Ni kisu cha kazi haswa, ila ukikikunjua kinalia "tatatata" kama saa ya ukutani inayotiwa ufunguo. Jaribu kufanya hivyo kwenye kikao cha bajeti uone!

Kikafuata Opinel cha Ufaransa, kile cha mpini wa mbao. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890, na kile kipete cha kuzuia kisijikunje kikaongezwa mwaka 1955. Nilikipenda sana. Lakini ilipokuja masika, mbao ikanywa unyevu wa Dar, ikavimba, na kisu kikagoma kufunguka. Bapa lake nalo lilikuwa la chuma cha kaboni. Ukikata embe leo, kesho limeshapiga weusi.

Nikapata Buck 110, kisu cha Kimarekani cha tangu 1964, chenye shaba huku na huku. Kizuri, lakini kina uzito wa karibu gramu 200, na suruali ya kitambaa inaomba huruma. Shemeji yangu anayeishi Marekani akaniletea Spyderco, kampuni ya Sal Glesser iliyoanza kutoa visu vyenye tundu la kidole gumba mwaka 1981. Hicho unakifungua kwa mkono mmoja, chap! Nilikifungua siku ya keki ya mfanyakazi mwenzetu, dada wa mapokezi akarudi nyuma hatua mbili. Sharti la nne, kwaheri.

Unaona kwamba kila kimoja kilikuwa na kasoro yake. Wazee walishasema mchagua jembe si mkulima. Lakini acha nikuambie siri: kasoro ndizo zilizokuwa zinanipa raha. Kila kasoro ilikuwa tiketi ya Jumamosi nyingine. Ijumaa usiku najigeuza kitandani kama mtoto anayesubiri Idi. Baada ya soko tunakutana washikaji watatu kijiweni, kahawa na kashata, kila mmoja anatoa mawindo yake mezani. Tunabishana kuhusu vyuma kama wengine wanavyobishana Simba na Yanga.

Siku ya siku

Nilikikuta ndani ya beseni la vijiko, kwa mzee mmoja ninayemwamkia shikamoo kila wiki. Kisu kidogo cha rangi ya fedha, mwili wa alumini wenye vijidoa vya kushika mkono. Ni Victorinox, aina inayoitwa Cadet. Urefu wake kikikunjwa ni milimita 84, uzito kama gramu 46 tu. Kina bapa moja kubwa, kifungulio cha soda, kifungulio cha kopo na tupa ya kucha. Basi.

Mzee akasema elfu kumi na mbili. Tukakubaliana elfu nane.

Historia yake ni tamu. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884. Wakati huo visu vya wanajeshi wa Uswisi viliagizwa kutoka Ujerumani, na yeye akaona haiwezekani. Mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi lao visu vya nyumbani, na mwaka 1897 akasajili kile kisu cha maofisa kinachojulikana dunia nzima. Mama yake aliitwa Victoria. Alipofariki mwaka 1909, mwanawe akaipa kampuni jina lake, na mwaka 1921 likaongezwa neno la chuma kisichoshika kutu, likawa Victorinox. Yaani ninatembea na jina la mama wa mtu mfukoni.

Wiki ya kwanza nilikitumia kila siku. Embe, boksi, bahasha, soda ya bosi. Hakivuti suruali, hakilii, hakivimbi. Dada wa mapokezi akakiazima mwenyewe, akakirudisha akitabasamu. Masharti manne, yote manne!

Halafu Jumamosi ikafika.

Nilikwenda Karume kama kawaida. Turubai ni lile lile, makorokoro yale yale, lakini mkono haukutaka kuchimbua. Nikaokota kisu kimoja kizuri tu cha Kijerumani, nikakilinganisha na cha mfukoni, nikakirudisha. Mzee wa beseni akanitazama, akacheka. "Mdogo wangu, leo unatazama kama mtu aliyeshiba."

Alisema kweli, nilikuwa nimeshiba. Na kumbe mtu aliyeshiba sokoni ni mpweke kuliko mwenye njaa. Kijiweni nilinyamaza. Washikaji wanaonyeshana mawindo, mimi sina la kuweka mezani isipokuwa kile kile cha wiki iliyopita.

Kutaka si kupenda

Hili si la visu peke yake. Mtafiti Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba ndani ya ubongo kutaka na kupenda ni vitu viwili, kila kimoja na njia zake. Kwenye majaribio, panya walioondolewa kemikali iitwayo dopamini hawakuhangaika tena kutafuta chakula. Lakini ukiwawekea sukari mdomoni, nyuso zao zilionyesha kwamba utamu bado wanausikia. Kwa hiyo kupenda kulibaki, kutaka ndiko kulikoondoka.

Nilipolisoma hilo nilicheka, kwa sababu Kiswahili kimeyatenganisha maneno hayo zamani. Nakupenda na nakutaka, nani asiyejua tofauti yake? Kisu changu nilikuwa nakipenda kuliko vyote vilivyotangulia. Ila nilikuwa sikitaki tena. Utatakaje kitu ambacho tayari kiko mfukoni?

Na sasa tuje nyumbani

Jumamosi ya tatu bila soko, mke wangu alisimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai. "Mume wangu, huendi Karume leo? Unaumwa?"

Nikamweleza kwamba nimemaliza. Akaguna. Kumbe na yeye alikuwa na Jumamosi zake: redio juu, nywele, simu ndefu na dada yake. Sasa kuna mwanaume anazungukazunguka sebuleni anauliza tunakula nini. "Umekipata kisu, mimi nimepoteza asubuhi yangu," akasema.

Usiku, taa imeshazimwa, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Hivi na mimi, ulipomaliza kunitafuta, ulijisikiaje?"

Ni swali la hatari, ndugu msomaji! Ukijibu haraka umeumia, ukichelewa umeumia zaidi. Ngoja nikupe picha. Mwenzangu nilimfuatilia mwaka mmoja na nusu. Yeye alikuwa anafanya kazi Morogoro, mimi Dar. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi alfajiri, nipo kwenye basi. Chalinze napiga simu, Msamvu nikishuka natuma meseji: "Nimefika." Zile saa za njiani sikuwahi kulala hata dakika moja.

Nikamjibu ukweli. "Baada ya harusi nililikosa lile basi."

Akakaa kimya. Nikasikia moyo wangu. Kisha akasema taratibu, "Mimi pia. Nilikuwa nakaa tangu saa mbili nasubiri meseji ya Msamvu. Ulivyohamia mazima, simu ikanyamaza."

Tulizungumza hadi saa nane usiku. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Miaka sita ya ndoa, na kila mmoja alikuwa amebeba siri ile ile akiogopa kwamba akiitoa itaonekana mapenzi yamekwisha. Kumbe hatukuwa tumekosana. Tulichokosa ni kusubiri.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu najua wapo wanaosoma ukurasa huu ambao mzuka umewaisha, na wamefikia uamuzi kwamba aliyekwisha ni mtu. Wengine wanaanza kutafuta upya. Simu mpya, kazi mpya, mwishowe nyumba ndogo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini anayependa kuwinda hata ukimpa swala watano, kesho asubuhi atavaa viatu. Huko anakokimbilia nako kutaisha, kwa sababu kinachoisha ni kutaka, na kutaka huisha pale pale unapopata.

Makali hayakai

Mimi nimegundua kitu kimoja kuhusu kisu changu ambacho miaka mitatu ya kutafuta haikunifundisha. Vile visu vya zamani sikuwahi kuvinoa. Vilikuwa havikai kwangu muda wa kutosha kuwa butu. Hiki ndicho cha kwanza kupoteza makali mkononi mwangu.

Chuma chake si kigumu sana, kimefanywa hivyo makusudi. Kinapoteza makali mapema, lakini unayarudisha kiulaini. Nikanunua kinoo. Unakilaza kisu kwa nyuzi kama 20 hivi, unasukuma polepole, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, halafu unajaribu kwenye karatasi. Mwishoni tone moja la mafuta ya cherehani kwenye maungio. Kazi ya dakika kumi na tano, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Haina mzuka hata chembe. Moyo haudundi. Ila kisu kikipita kwenye karatasi bila sauti, kuna utulivu fulani unaingia ambao Karume haikuwahi kunipa.

Vile vingine nimevigawa. Wazungu wengi wana imani kwamba kisu cha zawadi hukata urafiki, hivyo anayepewa hutoa sarafu ili ionekane amekinunua. Mshikaji wangu wa kijiweni alichukua Buck, akanipa shilingi mia. Siku hizi nakwenda kijiweni kuangalia mawindo yao. Nimekuwa mshauri, na kahawa ni ile ile.

Na nyumbani je? Mwezi uliopita tulirudi Morogoro. Treni ya umeme ipo tangu 2024 na ni haraka, lakini tulipanda basi makusudi. Zaidi ya hapo, tulipanda mabasi tofauti! Yeye alitangulia saa moja mbele. Hilo lilikuwa wazo lake, na mama yake alipolisikia alidhani tumegombana. Nilipopita Chalinze nikapiga simu. Nilipotuma "Nimefika Msamvu", jibu lilikuja kabla sijashuka ngazi ya basi: "Nakuona."

Sitakudanganya kwamba mzuka ulirudi wote. Ulirudi kidogo, ukakaa hadi tulipomaliza machungwa mawili niliyomenya palepale stendi, kisha ukaondoka zake. Siku hizi siufukuzii. Ila tumekubaliana tutafanya tena mwezi wa kumi, na safari hiyo mimi ndiye nitakayetangulia. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama umeshapata ulichokuwa unakitafuta na Jumamosi zako zimekuwa baridi, usikimbilie kuuliza kama ulichagua vibaya. Jiulize kwanza: mara ya mwisho kukinoa ilikuwa lini?